Kukuza mradi wa ajira za vijana Mombasa bila kuuharibu

Kikundi kikishafaulu kuwatafutia kazi vijana ishirini wa mtaa mmoja, swali linalofuata huwa ni lile lile: na wa mitaa mingine je? Hapo ndipo maombi ya ufadhili huanza kuandikwa, na hapo ndipo miradi mizuri ya Likoni, Kisauni na Changamwe huharibikia. Pesa huingia, darasa moja huwa manne, picha za mahafali hujaa kwenye simu, na ukiwapigia vijana baada ya miezi sita unakuta wengi wamerudi maskani, hawana kazi.

Mwongozo huu ni wa viongozi wa vikundi na mashirika madogo ambao tayari wana kitu kinachofanya kazi, na sasa wanataka shirika kubwa lisilo la faida liwasaidie kukipanua. Kama hujamaliza hata kundi la kwanza la wanafunzi, malizana nalo kwanza. Bado huna cha kupanua.

Hatua ya 1: Amueni "kazi" ni nini, kisha mhesabu

Ripoti nyingi hutaja waliofunzwa. Mfadhili makini huuliza mengine: wangapi walipata kazi, wangapi bado wamo kazini, na kila mmoja wao aligharimu shilingi ngapi. Andikeni maana ya kazi kwa sentensi moja kabla ya kuhesabu, kwa mfano: kijana ana kazi ikiwa mwezi uliopita alifanya kazi siku zisizopungua 15 na akalipwa. Kibarua cha siku tatu kwenye depo ya makontena kinaleta unga nyumbani, hilo halipingiki, lakini ukikiweka safu moja na ajira ya mkataba unajidanganya mwenyewe. Wekeni safu tatu: mkataba, kibarua, na kujiajiri.

Pigeni simu siku ya 30, ya 90 na ya 180 tangu kuhitimu. Kila moja ina habari yake. Ya siku ya 30 hufichua tatizo la nauli: kijana ameanza kazi, mshahara wa kwanza haujafika, aliyekuwa akimkopesha amechoka, basi anaacha. Ya 90 huonyesha kama alifundishwa sawasawa, kwa sababu kufikia hapo mwajiri ameshamwona mkono wake. Ya 180 huwafichua waajiri wenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka muda wa majaribio usiozidi miezi 6 kwa kuanzia, na wapo wanaochukua vijana, wakawatumia miezi mitano na ushee, kisha wakawaaga na kuchukua wengine. Ukiona jina la mwajiri mmoja linajirudia kwa walioachishwa mwezi wa sita, acha kumpelekea watu.

Laini za simu hubadilika kila uchao, kwa hivyo siku ya kujiandikisha chukueni namba tatu: yake, ya mama au mlezi, na ya jirani au mzee wa mtaa anayemjua. Anayepiga asiwe mkufunzi wake; kijana ataona haya kumwambia mwalimu wake kwamba aliacha. Maswali manne yanatosha:

- Wiki iliyopita ulifanya kazi siku ngapi?
- Mara ya mwisho ulilipwa lini, na kiasi gani?
- Msimamizi wako anaitwa nani?
- Ni jambo gani lililokaribia kukufanya uache?

Usiulize "kazi yaendeleaje?" Utajibiwa "alhamdulillahi" au "twashukuru", na daftari litabaki tupu. Asiyepatikana kwa namba zote tatu mwandikeni "hakupatikana" na abaki kwenye jumla. Kuwatoa wasiopatikana ili asilimia ipande ni hila ambayo mkaguzi yeyote huigundua siku ya kwanza.

Namba za simu, mishahara na hali za kiafya ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kijana atie sahihi fomu inayosema mnachukua nini, kwa nini, na nani ataziona. Karatasi za majina zisibandikwe mlangoni, wala picha ya mtu isitumwe kwa mfadhili kama hakukubali.

Hatua ya 2: Jueni gharama ya kijana mmoja aliyebaki kazini

Chukueni kundi moja lililokwisha mwaka mmoja na mlihesabu bila kujionea huruma. Tuseme lilianza na vijana 25, wakamaliza 20, wakapata kazi 12, na siku ya 180 walikuwa kazini 9. Matumizi yalikuwa hivi:

- Wakufunzi: Sh 300,000
- Vifaa na malighafi: Sh 150,000
- Nauli na chakula cha wanafunzi: Sh 140,000
- Ufuatiliaji, simu na usafiri wa mratibu: Sh 70,000
- Kodi na umeme: Sh 60,000

Jumla ni Sh 720,000. Ukigawanya kwa 25 unapata Sh 28,800 kwa kichwa, bei inayopendeza kwenye maombi. Ukigawanya kwa 9 unapata Sh 80,000, na hiyo ndiyo bei ya kazi moja. Uwezo wenu upimwe kwa hii ya pili.

Faida ya hesabu hii huonekana mnapojaribu kurekebisha jambo. Tuseme kati ya watatu waliopotea baada ya kuajiriwa, wawili waliacha mwezi wa kwanza kwa kukosa nauli. Kundi lijalo mnampa kila anayeanza kazi Sh 3,000 za mwezi wa kwanza; kwa vijana 12 ni Sh 36,000. Wale wawili wakibaki, mtakuwa na 11 kwa Sh 756,000, yaani takriban Sh 68,700 kila mmoja. Mmetumia zaidi na kazi imekuwa nafuu.

Wekeni pia visivyolipwa. Chumba mlichoazimwa na msikiti au kanisa, na mratibu anayejitolea kwa sababu mumewe ana mshahara, vina bei. Tawi la pili halitaazimwa chumba, na mratibu wa pili atataka kulipwa. Bajeti nyingi za upanuzi huvunjikia hapo.

Hatua ya 3: Anzeni kwa mwajiri, mrudi nyuma hadi darasani

Generation, shirika la mafunzo ya ajira lililoanza kazi Kenya mwaka 2015, hutafuta nafasi kwa waajiri kwanza ndipo liandikishe wanafunzi. Kikundi kidogo nacho kinaweza. Kinachohitajika ni kujua nani anaajiri Mombasa, na lini.

Hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu hujaa Julai na Agosti, kisha kuanzia Desemba hadi Machi au Pasaka. Aprili hadi Juni ni msimu wa mvua za masika: nyingine hufunga sehemu ya vyumba, wa mikataba ya msimu hurudishwa nyumbani. Darasa la usafi wa vyumba au upishi likihitimu mwishoni mwa Aprili linawatupa vijana kwenye mwezi mbaya kuliko yote. Pangeni wamalize mwanzoni mwa Juni au katikati ya Oktoba, mwajiri apate wiki chache za kuwazoesha kabla wageni hawajamiminika. Mfadhili anayefuata mwaka wake wa fedha hatalijua hili. Mwambieni kabla hamjatia sahihi, kwani ratiba ikishaingia kwenye mkataba ni vigumu kuisogeza.

Ramadhani nayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na huikuta ratiba mahali tofauti. Mwezi huo fundisheni asubuhi pekee, msipange mtihani wa vitendo wa kupika alasiri, na Ijumaa darasa lifungwe mapema.

Bandari ina kazi, ila si zile zinazodhaniwa. Reli ya SGR ilipoanza kubeba makontena kutoka bandarini, kazi za malori zilipungua na vibanda vilivyoishi kwa madereva Mariakani na Changamwe viliumia. Kabla ya kufungua darasa la udereva wa malori ulizeni kampuni tano za usafirishaji zitaajiri wangapi mwaka huu. Kazi za melini ni jambo jingine: anayetaka ubaharia anahitaji mafunzo ya msingi ya usalama yanayotambuliwa kimataifa, ambayo Bandari Maritime Academy hutoa, na wakala wa kumtafutia meli lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Ubaharia ya Kenya. Matapeli wa meli za watalii ni wengi mjini. Wakala anayedai pesa za "kushikilia nafasi" msimkaribishe darasani.

Viyoyozi na majokofu ni fani inayosahaulika na kumbe ina riziki. Joto la Mombasa haliruhusu ofisi kukaa bila AC, samaki wanahitaji baridi, na hewa ya chumvi hula koili za nje za mashine haraka kuliko kule bara, kwa hivyo matengenezo hayaishi. Kwa wanafunzi 20 nunueni viyoyozi vitano vya ukutani, wanne kwa kila kimoja, pamoja na geji na pampu ya kufyonza hewa kwa kila mashine mbili. Hata mtumba unatosha, mradi kompresa iwe nzima. Kinachokwisha upesi ni mabomba ya shaba, na karibu kila bajeti husahau hilo. Kutanua mdomo wa bomba ili lishike nati bila kuvuja hakujifunzwi kwa kutazama. Mwanafunzi huharibu midomo kumi au kumi na tano kabla ya kupata mmoja ulio sawa, usio na ufa wala ukingo uliopinda. Shaba ikikwisha wiki ya tatu, mkufunzi huanza kuonyesha badala ya kufanyisha. Kijana anayehitimu hivyo hufunga mashine, gesi ikavuja ndani ya mwezi, na mwenye nyumba hamwiti tena, yeye wala mwenzake kutoka kwenu.

Mkienda kwa mwajiri msitafute makubaliano ya sherehe, ya kupigwa picha mkishikana mikono. Ombeni barua ya ukurasa mmoja yenye mambo manne: nafasi ngapi, kuanzia tarehe gani, mshahara gani, na jina la msimamizi atakayewapokea. Barua tatu za namna hiyo zina uzito kuliko makubaliano kumi. Waajiri wakubwa wakumbusheni kwamba tayari wanalipa ushuru wa mafunzo wa Sh 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na wanaweza kudai marejesho kwa mafunzo yaliyoidhinishwa na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Afisa wa uajiri akisikia hayo hukusikiliza kwa sikio jingine.

Umbali nao ni sehemu ya ajira. Harambee, shirika la Afrika Kusini lililoanza 2011, lilitilia maanani mapema kwamba anayepanda magari mengi kufika kazini haachi kwa uvivu bali kwa nauli. Kwetu, kijana wa Mtongwe anayepelekwa Shanzu atatoka alfajiri, atasubiri feri, kisha matatu mbili. Feri kwa miguu ni bure, ila foleni yake hailipwi na mtu. Kwa wasichana wa zamu ya usiku ulizeni hoteli kama ina gari la kuwarudisha nyumbani, na wazazi waambiwe saa za kazi siku ya usajili. Wazazi wakizijua siku ya kuanza kazi, wengi hukataa, na nafasi imepotea.

Hatua ya 4: Karatasi

Za vijana kwanza, kwa sababu ndizo zinazowaangusha. Wiki ya kwanza ya mafunzo, si ya mwisho, kila mwanafunzi aanze kutafuta: kitambulisho, PIN ya KRA, namba ya NSSF, usajili wa SHA (bima ya afya ya serikali), na cheti cha tabia njema kutoka polisi kupitia eCitizen. Wa jikoni waongeze cheti cha afya cha wanaoshika vyakula. Cheti hicho hakidumu sana, basi kipimwe karibu na kuajiriwa. Asiye na kitambulisho hana laini ya jina lake wala akaunti. Afuatiliwe peke yake, mtu wa ofisi akimsindikiza kwa chifu ikibidi.

Cheti cha mafunzo mlichochapisha wenyewe kina maana kwa mama mzazi tu. Wafanyisheni mtihani wa ufundi wa NITA, daraja la III kwa kuanzia, ambao haumtaki mtu awe na alama za sekondari. Wasajilini mapema, na ada iwe ndani ya bajeti. Mkitaka kuwa chuo kinachofundisha kwa jina lake, kuna usajili wa TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi. Kwa wengi ni nafuu kukodisha karakana ya chuo kilichosajiliwa, ninyi mkabaki na kazi ya kuwaandaa na kuwatafutia kazi.

Kwa kikundi: Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, na usajili hufanywa na idara ya maendeleo ya jamii. Hadhi hiyo inatosha kwa ruzuku ndogo. Wafadhili wa kimataifa mara nyingi hutaka zaidi: shirika la manufaa ya umma, chini ya sheria ya 2013 iliyoanza kutumika Mei 14, 2024, au kampuni isiyo ya hisa. Msikimbilie kupanda ngazi kabla ya haja, maana kila hadhi ina ripoti zake za kila mwaka. Lililo lazima tangu leo ni akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja wasio ndugu, na pesa zote za M-Pesa kupitia till au paybill ya kikundi. Ruzuku iliyopita kwenye simu ya mwenyekiti, hata kama hakugusa senti, haitakaguliwa ikapita.

Hatua ya 5: Chagueni msaada unaolingana na kidonda

Mashirika yanayosaidia mashirika hutoa vitu tofauti. Kuna wanaotoa ruzuku tu. Kuna wanaowapa washauri wa mahesabu, ufuatiliaji na uongozi kwa miezi kadhaa. Kuna wanaowapa mtaala na mfumo wao muuendeshe kwa jina lao. Na kuna wakubwa kama Mastercard Foundation, ambayo mwaka 2018 ilitangaza lengo la kuwezesha vijana milioni 30 wa Afrika kupata kazi ifikapo 2030. Pesa za ukubwa huo haziji moja kwa moja kwa kikundi cha Bombolulu, hupitia kwa mashirika ya kati. Kwa hivyo tafuteni la kati lililo karibu.

Kama tatizo lenu ni kwamba vijana hawabaki kazini, ruzuku ya kuongeza madarasa italiongeza tatizo. Ombeni mshauri wa kwenda kwa waajiri. Kama hesabu ziko kwenye daftari tatu na kichwa cha mweka hazina, ombeni msaada wa uhasibu kabla ya pesa. Shirika likikataa kutoa msaada bila kuongeza idadi ya wanafunzi, mmeshajua linapima nini.

Ombi la kwanza liwe kurasa mbili: tatizo kwa aya moja, takwimu zenu za siku 30, 90 na 180 pamoja na walioshindwa, gharama kwa kila aliyebaki kazini, barua za waajiri, na mnachotaka. Gharama za uendeshaji (mhasibu, kodi, ukaguzi, simu za ufuatiliaji) ziandikwe wazi kwenye mstari wake. Vikundi huzificha vikidhani vitaonekana na tamaa, kisha mwezi wa nne mratibu anakula kwenye pesa za nauli za wanafunzi.

Hatua ya 6: Tawi la pili, moja tu

Msifungue mawili kwa mpigo. Fungueni moja, lipitishe makundi mawili mazima hadi siku ya 180, ndipo mzungumze juu ya la tatu. Hiyo ni kama mwaka mmoja na nusu. Mfadhili akiona ni muda mrefu, mpeni hesabu ya hatua ya 2 mtulie.

Kabla ya kufungua, andikeni yasiyobadilika: idadi ya juu kwa mkufunzi (kwa vitendo, 20), saa za vitendo kwa wiki, barua za waajiri kabla ya usajili, simu tatu za ufuatiliaji. Mengine yaachieni mtaa. Likoni hawatakutana saa zile zile na Mikindani, na Mji wa Kale wazazi watataka kuzungumza na mwanamke kwanza.

Kosa la kawaida ni kumpeleka mkufunzi bora tawi jipya. La zamani hushuka, jipya halijapanda, na sasa mna mawili dhaifu. Afadhali mkufunzi mpya akae tawi la zamani kundi moja zima akiwa msaidizi, kisha aende tawi jipya. Mwezi mmoja wa mshahara wa kujifunzia hautoshi, wekeni mitatu.

Wahitimu wanaotaka kujiajiri wapewe njia yao. Serikali hutenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia AGPO, mpango wa kuwapa makundi hayo nafasi ya zabuni. Kikundi cha vijana kinachojisajili huko lazima asilimia 70 ya wanachama wawe vijana, na viongozi wote wawe vijana, yaani wa miaka 18 hadi 34. Wajue pia kwamba malipo ya zabuni huchelewa. Asiye na akiba ya miezi mitatu ya malighafi aanze na wateja wa kawaida.

Kabla ya kutia sahihi

Someni mkataba wa ruzuku mkitafuta vifungu vitatu. Malipo: yakitolewa baada ya ripoti, nani analipa wakufunzi mwezi huo wa katikati? Lengo: kama limeandikwa "vijana 200 wafunzwe", ombeni liandikwe kwa walio kazini siku ya 180, hata idadi ikishuka hadi 70. Na vifaa: mradi ukiisha, cherehani, viyoyozi na kompyuta ni vya nani? Mikataba mingine huvirudisha kwa mfadhili, au humpa yeye uamuzi wa viende wapi, na karakana hubaki kuta tupu wiki ile ile kundi jipya linapojiandikisha. Ombeni kifungu cha kuvikabidhi kwenu ruzuku inapofungwa, na orodha yenye namba za kila mashine itiwe sahihi siku zinapoingia, si siku zinapohesabiwa.